Maembe Kwenye Maji ya Moto

Mamamkwe wangu alipanda miembe yake mara tu watu waliporudi kutoka kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa. Wengine walianza kwa kusimamisha nyumba. Yeye alilala chini ya turubai msimu mzima wa mvua huku akichimba mashimo kando ya mto Mutambala, mahali ambapo marehemu mumewe alikuwa akilima mihogo kabla ya vita. Miche aliileta mwenyewe kwenye boti, imefungwa ndani ya kitenge kilicholowa, akaipakata safari nzima kama mtoto mgonjwa. Mimi wakati huo sikuwa bado mkwe wake. Nilikuwa msichana tu niliyekulia kambi hiyohiyo, nikasoma shule za huko, ndiyo maana hata leo majirani zangu hapa mjini Baraka wananicheka kwamba nasema Kiswahili cha redio.

Baadaye niliolewa na mwanawe, fundi wa kujenga nyumba, nikazaa mapacha wa kike, na jina langu likasahauliwa. Kwa kila mtu mimi ni Mama Mapasa, hata kwa mamamkwe. Miembe ilikua, ikazaa, na kwa misimu kadhaa tulikula, tukauza, tukagawa, hakuna aliyelalamika.

Halafu wakaja nzi.

Ni nzi mdogo, rangi ya asali, mwenye kiuno chembamba kama cha nyigu. Ukimwona ametua juu ya embe bichi huwezi kumdhania ubaya. Lakini ana mkia mkali, anautumbukiza kwenye ganda na kuacha mayai ndani. Kitundu chenyewe hukioni. Embe linaendelea kukua, linaiva vizuri, linanukia, unalikata mbele ya mgeni, na ndani limekuwa uji wenye funza weupe wanaojikunja na kujirusha.

Mnunuzi wetu alikuwa mfanyabiashara kutoka Kigoma, mtu mpole, mwenye kofia ya kudariziwa ambayo hakuivua hata kwenye jua kali la ufukweni. Msimu mmoja mzigo wake wote ulikataliwa alipofika kwao. Mkaguzi wa mimea alifungua masanduku, akaona funza, na maembe ya mamamkwe yakafukiwa shimoni mnunuzi akitazama. Alirudi Baraka kutuambia uso kwa uso, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

"Mama, sikuja kugombana," alimwambia mamamkwe. "Msimu ujao nitakuja mara moja tu. Nitakata maembe mwenyewe, hapahapa ufukweni, kabla ya kupakia. Nikikuta funza mzima hata mmoja, naondoka na boti tupu, na maembe ya upande huu sitayagusa tena."

Tulipofika nyumbani ndipo mamamkwe alipozungumza, na alizungumza na miembe zaidi kuliko na mimi. "Muti ya kulisha inzi iko na kazi gani?" alisema. Wiki hiyohiyo alimwita mchoma makaa. Mtu yule alipita kati ya miembe akiipigapiga shina kwa kiganja, akiinua macho kupima matawi, na mimi nikiwa nimesimama kando nilihisi kama anampima mtu wa nyumbani kwetu. Walikubaliana kwamba maembe yakikataliwa tena, atakuja na msumeno.

Katika miezi hiyo alipita agronomu kijana, bwana shamba wa mradi fulani uliokuwa ukifundisha wakulima wa bonde. Nilimweleza shida yetu. Akaniambia kwamba funza aliye ndani ya embe anaweza kuuawa bila dawa yoyote, kwa maji ya moto tu, ila moto wenyewe una mipaka myembamba. Maji yakishuka chini ya digrii arobaini na sita, funza anaoga tu na kuendelea kula. Yakipanda juu sana, embe lenyewe linaiva, ganda linaungua madoa ya kahawia, na hakuna atakayelinunua. Maembe madogo yanakaa ndani zaidi ya saa nzima, makubwa saa moja na nusu au zaidi, kwa sababu joto linachelewa kufika kwenye kokwa. Na yote yawe chini ya maji muda wote, wala yasielee. Mradi ulipokwisha akaondoka, lakini alituachia kipimajoto chake, kile cha chuma chenye uso wa saa na mguu mrefu kama sindano.

Tulipasua pipa la mafuta kwa urefu, tukaliweka juu ya mawe. Nilishona mfuko mkubwa kutoka kwenye wavu wa zamani wa wavuvi, maembe yakaingia humo, na juu yake ubao uliokandamizwa na jiwe. Kando palikuwa na sufuria ya maji yanayochemka ya kuongeza pipa likipoa, na ndoo ya maji baridi ya kuongeza likizidi. Nilikoroga kwa kasia. Mamamkwe alikaa mbali, mikono kifuani.

"Unapika maembe yangu sawa mihogo," alisema.

Mara ya kwanza alisema kweli. Nilikuwa nimegeuka kumsemesha jirani, maji yakapanda, na tulitoa pipa zima la maembe laini yaliyonuka kama viazi. Mamamkwe alichukua moja, akalibonyeza, likapasuka mkononi mwake. Akaliweka juu ya ubao, mahali ambapo ningeliona kila nikipita, na likakaa hapo mpaka kuku wakalimaliza. Mara ya pili nilishika kipimajoto muda wote kama mtu anayemshika mgonjwa mshipa, na maembe yakatoka vizuri. Nilikata kadhaa. Funza walikuwemo, lakini walikuwa wamelala wamenyooka, hawatikisiki.

"Wamekufa, mama."

"Ao banalala," alisema, akaondoka.

Siku ya mnunuzi ilifika katikati ya msimu wa mvua. Boti lake lilikuwa limeshatia nanga tangu jana yake, na alituma ujumbe kwamba nahodha hapendi kukaa, anataka kuondoka mchana. Tulianza kazi alfajiri. Tulikuwa wanawake watatu: mimi, mamamkwe, na mwanamke mmoja mkimbizi kutoka Burundi ambaye alikuwa akilima kipande cha shamba jirani na letu na kutusaidia siku za mavuno, mtoto wake mchanga mgongoni. Mume wangu alikuwa ametangulia mjini. Alikuwa akijenga ukuta karibu na shule ya mabinti zetu, na aliondoka nao asubuhi.

Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulitutoa machozi, na ilituchukua muda mrefu kufikisha maji panapotakiwa. Hatimaye mshale wa kipimajoto ukatulia kwenye arobaini na sita, tukashusha mfuko, nikaangalia saa ya simu yangu na kuanza kuhesabu.

Haukupita muda tukasikia mlio kutoka vilimani, upande wa barabara ya Fizi. Ulikuwa mkavu, wa mbali, kama mtu anayevunja vijiti. Kisha mingine, mfululizo.

Sote watatu tuliacha mikono pale ilipokuwa. Nimeusikia mlio huo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mwili unaujua kabla akili haijauliza. Mamamkwe alikuwa ameinama anapuliza moto, na alibaki ameinama, mashavu yamejaa pumzi.

"Iko mbali," nilisema.

Mamamkwe aliiachia pumzi ile, akainuka.

Kisha watu wakaanza kupita. Njia ya kutoka vilimani inapita ukingoni mwa shamba letu. Walitangulia vijana wawili wakikimbia bila mizigo. Nyuma yao mwanamke mwenye godoro kichwani, mwingine anavuta mbuzi, pikipiki yenye watu wanne, mzee anayesukumwa kwenye baiskeli. Watoto walikuwa wengi na hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, watoto wote wale na kimya kile.

"Kuko nini huko?" mamamkwe aliwauliza.

"Banapigana," mtu alijibu bila kusimama. "Banashuka."

Nani anapigana na nani, na anayeshuka ni nani, hakueleza, wala hatukumuuliza tena. Mwenzetu wa Burundi alikuwa ameshaweka chini mzigo wa kuni aliokuwa ameubeba. Alikaza kitenge cha mtoto, akanitazama kama anayeomba ruhusa.

"Nenda, dada," nilimwambia. "Nenda haraka."

Akaenda, na kwa muda niliona kichwa cha mtoto kikiruka mgongoni mwake kati ya majani ya mihogo.

Simu ikalia. Alikuwa mume wangu, anapumua kwa nguvu.

"Batoto niko nabo," alisema kabla sijauliza. "Bote wawili. Tuko ku parokia. Weye uko wapi?"

"Kwa maembe."

"Bado uko kwa maembe? Toka huko. Chukua mama, mutoke sasa hivi."

"Muda ndio umeanza, maembe yako ndani ya..."

Mtandao ukakatika. Nilipiga tena mara nyingi, haikuita. Lakini nilikuwa nimeshasikia nilichotaka kusikia, kwamba watoto wako naye, na miguu yangu ikapata nguvu kidogo.

Mamamkwe alikuwa amesimama tayari, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Mama Mapasa, tuende."

"Mama, nisubiri kidogo. Tukiyatoa sasa, funza wote watakuwa wazima."

"Acha biwe bizima."

"Basi miti itakatwa."

"Ikatwe." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, bila hasira, na ndipo nilipotambua kwamba anaogopa. Sikuwahi kumwona anaogopa. "Mi nilishakimbia mara mingi. Ile siku ya kwanza niliacha chakula ku moto, na nikarudi kufunika chungu. Baba ya bwana yako akanirudilia. Unasikia? Alinirudilia sababu ya chungu."

Nilijua kwamba baba mkwe alikufa vitani. Namna alivyokufa sikuwa nimeambiwa, wala sikuuliza wakati ule. Milio ilisikika tena, karibu zaidi, au upepo ndio uliokuwa umegeuka.

"Tangulia, mama," nilisema. "Nakuja nyuma yako."

Akavaa kiatu cha pili, akaenda. Hakugeuka. Niliutazama mgongo wake mpaka ukapotea kati ya watu.

Sijui kama naweza kueleza vizuri kwa nini nilibaki. Sikuwa jasiri. Kasia lilikuwa likigonga kingo za pipa kila nikikoroga. Nadhani nilichoka tu. Tangu nizaliwe nimekuwa mtu wa kuacha vitu nusu, shamba nusu, shule nusu, nyumba isiyo na paa, na pale mbele yangu palikuwa na kitu ambacho kingekwisha kama ningesimama tu na kukoroga.

Mshale ulishuka. Arobaini na tano, kisha chini yake. Nilimwaga maji yaliyochemka kutoka kwenye sufuria, nikakoroga, nikasubiri. Ukapanda. Kuni zilizobaki zilikuwa chache na nusu yake zilikuwa zikitoa povu badala ya mwali. Njia ilianza kuwa tupu, na utupu huo ulikuwa mbaya kuliko msururu wa watu, kwa sababu sasa ningeweza kusikia kila jani.

Ndipo wakaja wanaume wenye bunduki. Walikuwa wachache, wanatembea kwa mstari, matope mpaka magotini. Wengine walivaa nguo za kijeshi, wengine nusu nusu. Sikujua ni wa upande gani na sikutaka kujua. Mmoja aliacha mstari na kuja moja kwa moja kwenye moshi wangu. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala.

"Unapika nini?"

"Maembe," nilisema.

Alichungulia ndani ya pipa. Akaona wavu, ubao, jiwe, na kile kipimajoto kilichosimama kama msumari. Alikinyooshea bunduki. "Na hii?"

"Ya kupima joto. Nikizidisha, yanaharibika."

Nilingoja. Alikuwa akifikiri, na sikujua anafikiri nini. Mwenzake alimwita kutoka njiani. Akainama, akachukua embe bichi kutoka kwenye lundo la yale tuliyoyatenga, yasiyofaa kuuzwa, akalifuta kwenye suruali, akaliuma na ganda lake.

"Tangu lini maembe inapikwa," alisema, kama anayejiuliza mwenyewe, akaenda zake.

Nilikaa chini. Nilipoangalia kipimajoto, mshale ulikuwa unashuka tena na moto ulikuwa umebaki makaa. Niliinuka kutafuta chochote cha kuwasha, nikang'oa kigingi cha uzio, hakikuvunjika.

Nikasikia hatua nyuma yangu, nikageuka nikiwa na kigingi mkononi.

Alikuwa mamamkwe. Kichwani alibeba mzigo wa matawi makavu, na uso wake ulikuwa umelowa jasho. Aliutupa chini, akavunja tawi gotini mwake, akalisukuma chini ya pipa. Hakunitazama. Akavunja lingine.

"Nilifika ku kivuko ya mto," alisema. "Nikaona siko na weye nyuma."

"Mama..."

"Usiseme. Pima maji."

Nilipima. Yalikuwa yanarudi. Tulifanya kazi, yeye kwenye moto, mimi kwenye kasia, na kila mlio ukisikika tuliinua vichwa pamoja na kuviinamisha pamoja. Saa ya simu ilipofika pale nilipokuwa nimepanga, niliweka kasia chini na kushika ncha ya wavu.

Alinishika mkono. "Bado."

"Muda umefika, mama."

"Ile mikubwa iko chini kabisa. Ya muti wa kwanza. Niliitia asubui, weye ulikuwa unachota maji."

Maembe ya mti ule yalikuwa makubwa kama kichwa cha mtoto, fahari yake, na nilikuwa nimemwambia asiyachanganye na mengine. Kuyatoa tungehitaji kumwaga mfuko wote. Tukitoa yote sasa, makubwa yangeweza kubaki na funza wazima kwenye kokwa wakati madogo yote yameshapona. Na kama tungengoja zaidi, hayo madogo yangeweza kuanza kuiva. Sikujua lipi lifanyike. Nilimtazama, naye akautazama moto.

"Tunangoja," nilisema.

Akavuta gogo, akalikalia. Yeye aliyekuwa amefika kivukoni, akakaa.

Nililegeza moto kidogo kidogo ili mshale usivuke hata nukta moja, na tulingoja mpaka muda wa makubwa ukatimia. Tulipovuta mfuko, maji yalitiririka kwenye miguu yetu na mvuke ukatuficha nyuso. Maembe yalikuwa yanang'aa. Tuliyatandaza kivulini yapoe yenyewe, kama tulivyofundishwa, bila kuyamwagia maji baridi. Nilibonyeza madogo, moja baada ya jingine. Yalikuwa magumu.

Milio haikusikika tena. Sikukumbuka ilikoma lini.

Mume wangu alifika na pikipiki ya kuazima. Alitukuta tukipanga maembe kwenye masanduku. Alizima pikipiki, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Mabinti alikuwa amewaacha na masista parokiani. Alifunga masanduku kwenye pikipiki kwa mipira, akiivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaanza kuyapeleka ufukweni kwa zamu. Safari ya mwisho tulimfuata kwa miguu.

Mjini watu walikuwa wamejaa barabarani na mizigo yao. Ufukweni injini ya boti ilikuwa imeshawashwa. Nahodha alikuwa akimfokea mnunuzi, kwamba habari si nzuri, kwamba hatangoja maembe, na mnunuzi alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka chini ya magoti, mkono mmoja umeshika ukingo wa boti kana kwamba anaweza kulizuia.

"Dakika chache, nahodha," alisema. "Hawa wamama wametoka huko kwenye risasi."

Alipanda mchangani, akatoa kisu mfukoni, akapiga magoti mbele ya masanduku. Hakuchagua. Alitia mkono bila kuangalia. Alikata la kwanza, akalifungua kama kitabu, akalipeleka juani. Safi. La pili safi. Akaendelea. Watu walianza kukusanyika, wavuvi, wanawake wa dagaa, wale waliotoroka kutoka milimani na magodoro yao, wote wakitazama kisu kana kwamba nao wana maembe humo. Nilikuwa nimemshika mamamkwe mkono bila kujua. Mkono wake ulikuwa baridi.

Kisha mnunuzi akatia mkono kwenye sanduku la mwisho, akatoa moja la yale makubwa.

Alilikata polepole. Karibu na kokwa nyama ilikuwa na rangi ya chai, na katikati ya rangi hiyo palikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

Aliomba sahani. Mwanamke mmoja wa dagaa akampa yake ya bati, nyeupe, akaifuta kwanza kwa kitenge. Mnunuzi alimtoa funza kwa ncha ya kisu, akamweka katikati ya sahani, akaiweka sahani chini juani.

"Aliye mzima akipata jua, anaruka," alisema. "Tungoje."

Tukangoja. Nahodha alizima injini, nikasikia mawimbi kwa mara ya kwanza siku ile. Funza alilala. Ghafla akasogea, mtu nyuma yangu akasema "iko muzima", lakini ulikuwa upepo. Mnunuzi aliweka kofia yake upande ule kuukinga. Kichwa chake kilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Tukangoja tena. Nilitazama kitu kile mpaka macho yakanidanganya, nikaona kinajikunja, nikapepesa, kikawa kimelala palepale.

Mwishowe alimgusa kwa kisu. Akamgeuza. Akamgusa tena, kwa nguvu. Funza alibaki amenyooka.

"Amekufa," alisema.

Mamamkwe aliuvuta mkono wake kutoka kwangu.

"Mkaguzi anatafuta aliye hai," mnunuzi aliendelea, bado amepiga magoti. "Huyu hawezi kunizuia. Lakini mteja wangu akilikata nyumbani kwake akamkuta, hatauliza kama ni hai au mfu. Haya madogo nachukua yote. Makubwa, mama yangu, unisamehe. Makubwa siwezi."

Nilidhani mamamkwe atabishana, maana yalikuwa ya mti wake wa kwanza. Alitikisa kichwa tu kukubali, akaanza kuyatoa kwenye sanduku moja moja na kuyapanga mchangani. Mnunuzi alisema atarudi kabla msimu haujaisha. Boti likapakiwa haraka haraka, watu wakisaidia bila kuombwa, na likaondoka.

Tuliyabeba makubwa mpaka parokia. Uwanja ulikuwa umejaa. Mabinti zangu waliniona kabla sijawaona, wakaja mbio, na mume wangu akasimama kando akitutazama, akaja akaniwekea mkono kichwani kama anayehakikisha kwamba kipo. Mamamkwe alikaa kwenye ngazi za kanisa, akakata maembe yake, akatupa sehemu mbovu na kuwagawia watoto wa wakimbizi vipande vizima. Niliona mwenzetu wa Burundi amekaa ukutani ananyonyesha. Alipokea kipande na kucheka kidogo.

Kuhusu mapigano tulisikia mambo mengi siku zilizofuata, na hayakulingana. Nyumba kadhaa zilichomwa huko juu. Waliokuja walikaa parokiani majuma, wengine hawajarudi mpaka sasa. Mchoma makaa alipita shambani siku moja, mamamkwe akamwambia aende akatafute miti kwingine. Mimi bado ninachemsha maji, sasa na wanawake wengine wa bonde, na makubwa tunayaweka kwenye pipa lake peke yake. Mamamkwe mwenyewe hali embe lililotoka majini. Anasema limepoteza harufu.

Lakini jioni ile, alipomaliza kugawa, alijifuta mikono kwenye majani na kuniita nikae karibu naye kwenye ngazi.

"Siku ingine batu bakikimbia," alisema, "utakimbia na bo. Miti, tutapanda ingine."

"Ndiyo, mama."

"Sema utakimbia."

"Nitakimbia."

Alinitazama muda mrefu, kama anayetafuta kama ninamdanganya. Kisha akanipa kisu nikakioshe.